Chupa Kumi na Mbili za Madame Raissa

Mi nimeona walevi wa kila namna. Walevi wa kuimba, walevi wa kupigana, walevi wa kulilia mama zao waliobaki Uvira, kule Kongo.

Lakini mlevi kama Cadeau, siku ile Lilongwe, sijawahi kumuona. Mungu anisamehe, nilimcheka mpaka mbavu zikauma.

Ngoja niwaeleze vizuri.

Naitwa Annuarite. Mwaka wa tisa huu niko Dzaleka, kambi ya wakimbizi hapa Malawi, napika kwenye sherehe za watu. Kabla ya vita kutufukuza nilikuwa serveuse, mhudumu wa meza, kwenye restaurant moja ya Uvira, miaka sita. Vin, huu mvinyo wa zabibu, naijua. Si ya kusikia kwa watu, hapana. Ya kufungua, kumimina, na kuonja mabaki jikoni patron, mwenye restaurant, akigeuka.

Basi mwezi wa kumi, lile joto la kuyeyusha mshumaa ndani ya boksi, Madame Raissa akanipigia. Huyu ni mama wa Kinyarwanda mwenye duka la vitambaa Lilongwe. Maneno machache, macho mengi.

"Maman Annuarite, bwana yangu anafikisha miaka makumi tano. Wageni ishirini, mchana, inje. Utapika. Na unisaidie kuchagua vin ya joto, nzuri, lakini isinimalize mfuko."

"Hakuna shida, Madame."

"Cadeau naye atakuja. Anasema anajua vin. Kati yenu wawili, ule atanionyesha kama anajua kweli, njo nitamupa kazi ya kuchagua vin ya ndoa ya binti yangu, mwezi wa kumi na mbili. Wageni mia tatu."

Mia tatu! Nikaanza kuona mabati mapya juu ya nyumba yangu.

Sasa, Cadeau.

Alikaa Afrika Kusini miezi minane. Anasema alikuwa "ndani ya vin". Ukweli ni kwamba alilinda geti la shamba la mizabibu. Vin ilikuwa inapita mbele yake ndani ya lori, yeye anapiga saluti.

Akarudi na foulard, yaani skafu, shingoni. Katika joto lile! Jasho linamtiririka, hataki kuivua.

Tukakaa wote watatu kwenye kanapé, lile kochi la Raissa, simu yake katikati, imefunguliwa kwenye supermarket ya mtandaoni.

Cadeau akaweka kidole kwenye nyekundu, chupa nzito, étiquette, ile lebo yake, ya dhahabu.

"Hii. Uzito wa chupa njo heshima ya vin."

"Papa Cadeau, ile uzito ni ya vioo," nikamwambia. "Utakunywa vioo? Angalia, digrii kumi na nne na nusu za kileo. Mchana, na hili jua! Watu watalala kabla ya nyama."

Nikachukua simu. Nikapanga bei kutoka chini, nikaruka zile za chini kabisa, maana hizo nyingine ni sukari na maji. Nikatafuta nyeupe, ya zabibu za chenin, ya mwaka uliopita, digrii kumi na mbili. Bei ya mtu wa kawaida.

Cadeau akacheka kwa pua.

"Ile? Bouchon ya kuzungusha kama kifuniko ya mafuta ya kupikia? Hii ni ya batu ya camp bana!"

Camp! Kama yeye analala hoteli. Nyumba yake iko nyuma ya kisima chetu, mlango wake ni gunia.

Raissa akachukua simu yake. Akaagiza kumi na mbili za kwangu, na mbili nyekundu za Cadeau ili asinune.

Siku ya sherehe chupa zikaletwa asubuhi. Nikazitumbukiza zote kwenye pipa la barafu, nikafunika na gunia lenye maji. Saa tano nikaonja moja.

"Madame, njo hii yenyewe! Iko na nguvu, lakini haisumbue."

Raissa akaitikia kwa kichwa, akaendelea kukunja serviettes za mezani.

Wageni wakafika. Nyekundu ya Cadeau ikanywewa nusu glasi tu, ikaachiwa nzi. Ya kwangu? Watu wakagombania! Bwana wa Raissa peke yake glasi nne.

Cadeau alipoona sifa, akahama.

"Hii tulichagua pamoja," anawaambia wageni. "Ni digrii kumi na mbili, lakini inapanda polepole. Mutaona."

Glasi ya tatu, ulimi ukawa mzito.

Glasi ya tano, akavua ile foulard, akamfunga nayo bwana wa Raissa kichwani, akamuita "mudogo wangu". Akacheza bila muziki. Akalia. Kisha akalala kwenye benchi, mdomo wazi, akikoroma kama mashine ya kusaga mahindi.

Hapo njo nilicheka. Fundi wa vin huyo!

Watu walipoanza kuondoka nikaanza kukusanya chupa. Moja ikaniteleza, nikaidaka, nikaileta karibu na macho. Chini ya jina, herufi ndogo kama siafu.

Haina kileo. Sifuri nukta sifuri.

Nikachukua nyingine. Sifuri. Zote kumi na mbili, sifuri!

Jambo la kwanza nililofikiri: nimuamshe Cadeau mbele ya wote, nimsomee.

Jambo la pili: nani alisifu hii vin tangu asubuhi?

Nikabeba chupa moja. Nikamfuata Raissa jikoni.

"Madame, kuna kitu..."

"Najua."

Akanionyesha simu. Supermarket ilikuwa imeandika: uliyoagiza imekwisha, tunayo ya jina lile lile isiyo na kileo, unakubali?

"Nilikubali," akasema. "Munganga wa hospitali alimukataza bwana yangu pombe, na yeye hasikie. Leo amekunywa na roho safi. Tena nilitaka kuona nani kati yenu atajua."

"Mi nimejua, Madame."

"Umesoma. Kwa ulimi, uliniambia iko na nguvu."

Nikaanza kuosha glasi. Na wallahi, kichwa kilinizunguka kweli asubuhi ile, kama nimelewa!

"Vin ya ndoa nitachagua mi mwenyewe. We utapika."

Funzo, ndugu zangu: joto likija, chukua nyeupe ya bei ya kawaida, changa, digrii chache, na bouchon ya kuzungusha haina aibu. Lakini soma étiquette yako mpaka herufi ya mwisho, kisha njo umcheke mwenzako.

Cadeau mpaka leo anatangaza Dzaleka nzima kwamba vin ile ilimpiga siku mbili.

Sijamwambia. Nikimwambia, ataniuliza mimi niliionja nikasema nini.