Spika Iliniita, Nikanyamaza

Binti yangu wa mwisho anafua mashuka kwenye hoteli moja huko Shelisheli. Mimi shelisheli nilikuwa najua ni tunda la watu wa pwani, kumbe na visiwa vipo, vimezungukwa na maji pande zote. Basi akaniambia kwenye simu, "Mama, wamenikuta na uvimbe tumboni. Damu haikati. Daktari anataka kunipasua na mimi nimekataa. Nimemwambia siingii mpaka mama yangu aje."

Nikamwambia, "Mwanangu, mimi ni daktari?"

"Mama, njoo tu."

Tiketi ikatumwa. Nikatoka kwangu Milanzi na basi mpaka Mbeya, miguu imevimba kama ya mtu mwingine, halafu ndege mpaka Dar es Salaam. Pale Dar kijana wa ukaguzi akashika kifuko changu cha unga wa ulezi, akanusa. "Bibi, unatokea wapi?" Nikasema Sumbawanga. Akawaita wenzake, anacheka kwa pua, hivi, hm hm hm: "Bibi wa Sumbawanga anapanda ndege. Ungo wako wa kurukia usiku umeharibika, Bibi?"

Nikamwambia, "Ungo nimemwazima mama yako, mjukuu wangu. Tangu juzi hajaurudisha."

Wakacheka mpaka unga wangu ukapita. Na mimi nilicheka. Lakini moyoni nilikuwa namwona mwanangu kalala, damu inatoka, ananisubiri mimi, mtu ambaye hata choo cha uwanjani nilishindwa kukifungua.

Ndege ikatushusha nchi nyingine ya kubadilishia. Dada mmoja aliyevaa sare na kilemba akanikalisha kwenye kiti, akanisemesha polepole kama nimelewa: "Mama. Kaa. Hapa. Ndege. Bado." Akaondoka na viatu vyake, ko ko ko ko.

Nikakaa. Watu wanatetemeka na baridi ya mashine zao. Mimi baridi ile nimezaliwa nayo kule Mpui, mwezi wa saba unaamka majani meupe, kwa hiyo baridi haikunisumbua. Kilichonisumbua ni kukaa. Watu wanakuja, wanaondoka, wanakuja wengine, mimi nipo, kifuko mapajani.

Ndo nikasikia naitwa. Juu huko kwenye dari, sauti ya mwanamke, tamu, inavuta maneno. Jina langu la ubatizo, halafu la baba yangu. Nikaangalia mbele, nikaangalia nyuma, hakuna mtu anayeniangalia. Ikaita tena.

Nikanyamaza. Sisi tumelelewa hivyo, ndugu yangu. Ukisikia jina lako na mwenye kuita humwoni, funga mdomo, maana ukiitika umeshakwenda na yeye hujamjua ni nani. Mama yangu alimpiga dada yangu kofi kwa sababu ya kuitikia sauti ya shambani. Sasa mimi na nywele nyeupe hizi niitikie dari? Nikashika rozari. Ikaita mara ya mwisho, ikaacha. Nikasema moyoni, nimemshinda.

Mama mmoja wa Kitanga aliyekuwa anakwenda kununua vitambaa akanijia, akasoma tiketi yangu mapajani, sauti yake laini kama anapaka mafuta: "Bibi wee, si ndo wewe unoitwa pale? Ndege yako ishafunga mlango, Bibi. Yaondoka ile."

Nikaiona kwenye kioo. Inatembea.

Sijui nilisema nini. Nilikaa chini, sakafuni. Yule mama akakimbia kuuliza, akarudi: nyingine mpaka kesho. Akampigia binti yangu kwa simu yake, akanipa.

"Mama, umefika?"

Nikamwambia ndege imeniacha. Halafu nikasikia pembeni mtu anasema kwa haraka lugha yao, na mwanangu anapumua kama aliyepanda mlima. Akasema, "Wanasema tusingoje tena. Mama, mimi naogopa. Siingii."

"Ingia, mwanangu."

"Siingii, Mama."

Nikaona anakufa, na anakufa kwa kunisubiri. Basi likanitoka jambo, sikulipanga. Nikakohoa kile kikohozi cha marehemu mume wangu, aliyefyatua matofali Kaengesa mpaka vumbi likamkaa kifuani, nikaongea kwa sauti yake, nzito, ya kukwaruza:

"Enhe, binti. Nani kakwambia umsubiri mama yako? Mama yako ukimtuma chumvi anarudi watu wameshalala. Ingia ndani huko. Mimi nipo. Ingia."

Akasema taratibu, "Ndiyo, Baba."

Ikakatika. Yule wa Kitanga alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio, ananiangalia kama nilivyoiangalia ile dari.

Kutoka hapo sikumbuki nilikula nini. Ndege ya pili nilipanda wa kwanza, nikakaa dirishani, chini maji, maji, maji, na simu hairuhusiwi. Rozari ilinikatikia mkononi, nikawa nahesabu vidole. Jirani yangu mzungu alinipa pipi, nikaishika mpaka ikayeyuka.

Kushuka, joto limenipiga usoni, nikamwona msichana mweusi ananisubiri, Mkenya, anafanya kazi na mwanangu. Akaja mikono imetangulia. "Pole sana, Mama."

"Pole ya nini?"

"Ya safari, Mama."

"Usinifiche. Pole ya nini?"

"Ya safari tu. Alitoka salama. Wametoa uvimbe na kizazi. Sasa amelala."

Nilimshika yule binti shingoni, nusura tuanguke wote.

Hospitalini nilimkuta mwembamba, midomo imekauka. Akafungua macho, yakanipita, akaangalia mlangoni nyuma yangu. Akauliza, "Baba yuko wapi?"

Nilikuwa naweza kukohoa. Kikohozi kilikuwa tayari kooni. Nikakimeza.

"Baba yuko Milanzi, kaburini, mwanangu. Nimekuja mimi."

Akaangalia mlango kwa muda mrefu. Halafu akanishika kidole, akaanza kulia. Nesi akaja anauliza kwa lugha yao, nadhani anauliza panauma wapi. Nikamwonyesha kwa mkono: mwache.