Maduhu Hahami

Shemeji yangu Maduhu ni mtu mbishi, na nasema hivyo bila kumung'unya maneno kwa sababu nimeshamwambia usoni. Ukimwambia jua linachomoza mashariki, atakuomba usubiri mpaka kesho ahakikishe. Alimuoa dada yangu Kija mimi nikiwa bado shule ya msingi, kwa hiyo haki ya kumtania ninayo, na haki ya kumgombeza pia. Zote nimezitumia.

Ukitaka kumwelewa, anza na baba yake. Mzee yule alikuwa wa kuhama. Maduhu alizaliwa Nassa, karibu na ziwa, akaota meno Sola huko Maswa, akakulia kwingine tena. Baba akisikia tu kuna malisho mahali, anakusanya ng'ombe, mke na masufuria, nyumba ya udongo anaiacha irudi kuwa udongo. Kila Maduhu alipopata rafiki wa kuchunga naye, wakahama. Alipokuwa mkubwa akaapa kwamba yeye akijenga, amejenga. Akaja nje kidogo ya Bariadi, akapata eneo kwenye mteremko wa kilima, chini ya yale mawe makubwa, akalima pamba mpaka viganja vikapasuka.

Walianza na kibanda cha miti na udongo, paa la nyasi, wakazaa na kulea humo. Kila masika kibanda kililalia upande wa bondeni. Kila kiangazi Maduhu alizisukuma nguzo zikasimama, Kija akakandika upya, maisha yakaendelea. Hakuna aliyejiuliza kwa nini kililalia upande uleule miaka yote. Tulisema nyumba ya miti ndivyo ilivyo.

Kisha pamba ikakubali. Maduhu akachoma tofali, akajenga msingi wa mawe, akamwaga lenta ya zege, akaezeka bati. Siku ya kuhamia alipiga kofi ukuta mbele ya watu wote, kama mtu anayesifia ng'ombe mnadani, akaniambia, "Shemeji, mimi hapa sihami. Hata wanifukuze kwa mbwa." Tukapiga vigelegele. Kibanda kikawa jiko.

Kama angeishia hapo, labda. Lakini Maduhu ni mtu wa ng'ombe. Kiangazi walikuwa wanateremka mbali kunywa maji na kurudi wamekonda, naye roho ikimuuma kuliko akikonda yeye mwenyewe. Akawaza, maji yanayoteremka kwenye mawe wakati wa mvua yanakwenda wapi? Akaita majirani kama tunavyofanya kwetu, nyama na pombe vikapikwa, majembe yakaimba, wakachimba lambo juu ya nyumba, kando ya zizi. Watu walitoka vijiji vingine kuja kuliona. Hata mimi nilimsifu, na mimi si mwepesi wa kusifu wanaume.

Ila maji hayakutulia lamboni. Yalikuwa yanazama. Kilima kile juu ni mchanga, na chini ya mchanga kuna udongo mweusi, uleule wa mbugani. Ukilowa unavimba na kuteleza. Ukikauka unapasuka mpaka ndama anaweza kuvunjika mguu. Mteremko mzima ukaanza kushuka. Usidhani uliporomoka, hapana. Ungekaa hapo kutwa nzima usingeona kitu. Ulikwenda kwa mwendo wa kucha inayoota.

Aliyeona kwanza ni dada. Ua wake wa minyaa, alioupanda ukiwa umenyooka, ulikuwa umetoa kitambi kuelekea bondeni. Ngazi ya mlangoni ikaachana na kizingiti, kuku akawa anachungulia kwenye ule mwanya. Mlango wa chumbani ukagoma kufungika. Halafu ukaja ufa, unapanda ukutani kati ya tofali na tofali.

"Flora," akaniambia, "hii nyumba inatembea."

"Inakwenda wapi, mnadani?" Nikacheka. Yeye hakucheka.

Maduhu alikuwa na jibu lake. "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Ebo! Sijawahi kuona mtu aliyeziba nyufa kama yeye. Kila kiangazi, ardhi ikiwa imekauka na ufa umefunguka kabisa, aliushindilia saruji mpaka ukashiba. Mvua zikija, udongo unavimba, ukuta unataka kurudi mahali pake, unakuta saruji imekaa. Basi unasukumwa upande mwingine, unapasuka pengine. Naye anaziba tena. Mlango aliupiga randa kila mwaka, mpaka ukabaki umekatwa mshazari kama nyumba yenyewe.

Jirani mmoja, Bundala, akasema ni mizimu ya baba yake inamwita ahame. Maduhu akachinja mbuzi, akamwaga pombe, akaiambia mizimu kwa Kisukuma kilichonyooka kwamba hahami.

Kija miguu ilikuwa imeanza kuvimba, kutembea ni kwa kushika kuta. Akaondoa kitanda chake kwenye nyumba ya tofali, akahamia jikoni, kwenye kibanda kile kile cha zamani. "Hapa ukuta ukinijia ni udongo," alisema. Maduhu aliumia. Mke wa mtu mwenye nyumba ya bati kulala jikoni! Hakumlazimisha, lakini alikuwa akipita pale mlangoni kama mtu aliyetukanwa.

Nikamfuata. "Shemeji, toboa hilo lambo maji yaende. Au nipe dada yangu nikae naye kwangu Maswa, pale Nyalikungu, mpaka mvua ziishe."

"Nikitoboa, ng'ombe wanywe mate?"

"Basi nipe dada."

"Mke wangu ana nyumba, Flora." Na uso wake ukajifunga hapo hapo. Niliogopa. Nilirudi Maswa nikawa silali vizuri kila mawingu yakitanda upande wa Bariadi.

Masika ya mwaka huu mvua ilinyesha tangu Jumatano bila kupumzika. Ijumaa nikasema liwalo na liwe, namfuata dada yangu. Bodaboda akanishusha chini, njia ilikuwa inateleza, nikapanda kwa miguu na khanga kichwani. Nilipofika penye ua wa minyaa, nikaona ardhi imefungua mdomo mrefu juu, kando ya lambo, na maji yanatoka pembeni yakiwa meusi. Kibanda cha jikoni kilikuwa kimelala kuliko nilivyowahi kukiona. Nguzo zilikuwa zinalia.

Maduhu aliona pia. Alitoka zizini mbio, ng'ombe wake akawaacha wanapiga kelele, hakugeuka hata kuwaangalia. Akainama, akaingia jikoni. Alitoka na Kija mgongoni, kambeba kama mtoto, dada kamshika shingo kwa mikono yote miwili.

"Mlete huku!" nikapiga kelele. "Teremka naye huku!"

Mvua kwenye bati ilimeza sauti yangu. Aliniona, hilo najua, kwa sababu aliinua mkono kidogo kunituliza, kwamba nisiwe na wasiwasi, ameshampata. Akauvuka uwanja na kuingia naye nyumba ya tofali. Akamlaza kitandani kwake. Kisha akatoka kwenda kumchukulia blanketi lililobaki jikoni.

Ukuta wa upande wa mlimani ulianguka kwa ndani. Haukupiga kishindo nilichokitegemea. Ulikuwa kama robota la pamba linalotupwa toka kwenye lori. Lenta ikafuata nzima nzima, na bati zikalala juu yake.

Mayu wane, mama yangu mie! Tulichimba kwa mikono, mimi na Maduhu na Bundala na wengine waliokuja. Mpaka giza linaingia tulikuwa tumemtoa dada, na alikuwa ameshaondoka zamani. Kibanda kilikuwa bado kimesimama, kimelala hivyo hivyo.

Msibani nilikuwa na maneno. Nilikuwa nimeyapanga yote, ya lambo, ya saruji, ya ubishi wake, nikasubiri wanaume wapungue. Nikamkuta Maduhu amekaa chini, viganja vimefungwa vitambaa, kucha hazipo.

"Nilimtoa kwenye hatari, shemeji," akasema kabla sijafungua mdomo. "Nilimpeleka ndani. Wewe ungempeleka wapi?"

"Kwangu," nikamjibu. "Ningempeleka kwangu."

Akaitikia kwa kichwa. Alikuwa hajawahi kukubaliana nami kwa jambo lolote.