Mama Richard na Pikipiki Iliyoombewa Kanisani

Kuombewa kanisani ni jambo jema ukiwa mgonjwa. Lakini ukiwa mzima wa afya, umekaa benchi la tatu na kitenge chako kipya, halafu jina lako lisomwe kati ya mgonjwa wa figo na kijana aliyetoroka nyumbani, hapo hujaombewa. Umesutwa, tena mbele ya kwaya.

Ndivyo alivyofanyiwa Tabea Sumari, Mama Richard, katika usharika wao ulio kando ya lami, juu kidogo ya Tengeru. Mchungaji alisogeza miwani akasoma: "Familia inaomba tumkumbuke mama yetu Tabea Sumari, Bwana amfungue kutoka katika roho ya mwendo kasi."

Kanisa zima likafumba macho. Tabea hakufumba. Aligeuka polepole akamtafuta mkwewe Brenda, mke wa mwanawe wa pekee, akamwona benchi la nyuma ameinamisha kichwa kuliko waombaji wote. Damu ilimchemka hadi masikioni. Alitamani kusimama palepale aondoke, ila aliona akiondoka watasema roho yenyewe ndiyo imekimbia maombi. Akabaki, akaimba pambio la mwisho kwa sauti ya kukomoa.

Mwanamke huyu lazima tumjue vizuri, maana waliomsimulia vibaya wametosha. Miaka karibu thelathini alikuwa afisa mifugo wa serikali, na kwa miaka yote hiyo pikipiki ndiyo ilikuwa miguu yake. Zile za shamba, ndefu, zenye tairi za meno makubwa ya kukamata matope. Alipanda nazo hadi ukingoni mwa msitu wa Meru, boksi la chanjo limefungwa nyuma, mvua ya masika inamchapa usoni. Alianguka kwenye mitaro, akainuka, akafika kwa mtu akiwa tope hadi kope, akazalisha ndama, akapewa chai, akaondoka. Watu wakamsifu, wakasema yule mama ni jembe.

Alipostaafu, serikali ilichukua pikipiki yake, na ilikuwa haki yake kuichukua. Baba Richard alikwisha kufariki zamani. Tabea akabaki migombani na kahawa zake, na miguu inayomuwasha.

Mtu aliyemponza, kama ni kuponzwa, ni Balwant Singh. Balwant kazaliwa Arusha, gereji aliachiwa na baba yake, na pikipiki za idara ya mifugo zilikuwa zikitengenezwa kwake tangu yeye na Tabea wote wana nywele nyeusi. Siku moja Tabea alipita kumsalimia tu. Pembeni, chini ya turubai, ilisimama Yamaha R6 nyekundu, ile ya mashindano, mwenyewe kahamia nje ya nchi. Balwant alifunua turubai. Tabea akaikalia, kujaribu tu, akashika usukani wake mfupi ulioshushwa chini, kifua kikalala juu ya tangi. Balwant alisema baadaye kwamba aliuona uso wake akajua turubai lile halirudi tena. Bei tuiache. Kilikuwa kiinua mgongo chake, si cha mtu mwingine.

Sasa wako watu wanaodhani pikipiki ya namna ile ni starehe toka unapoiwasha. Waongo. Mjini ni adha tupu. Kwenye foleni ya Sanawari injini inakuunguza mapaja kama umekalia jiko, viganja vinauma kwa sababu uzito wote wa mwili umewekwa juu yake, na ukienda taratibu inagoma na kukohoa mpaka bodaboda wanakuonea huruma. Matuta ndiyo usiseme. Kila tuta Tabea alilipanda kwa mshazari akisali lisimkwangue tumbo la pikipiki. Na nyumbani haifiki kabisa. Njia ya kupanda migombani ni udongo mwekundu, kwa hiyo aliilaza kwa mwenye duka la pembejeo pale lami, akapanda kwa miguu na helmeti kwapani, mtaa mzima ukimhesabia hatua.

"Mama Richard, hiyo ni pikipiki au ni ugomvi?" mwenye duka alimuuliza siku ya kwanza.

"Vyote viwili," akajibu.

Lakini mpe barabara ya mchepuko asubuhi, ile inayouzunguka mji kwa kusini hadi Kisongo, lami imenyooka, malori bado machache, Mlima Meru mkono wa kulia umevua mawingu. Hapo unavuta resi kidogo tu, na ile injini iliyokuwa inakohoa Sanawari inafunguka koo. Kwanza inanguruma chini chini. Mshale wa mizunguko ya injini ukivuka katikati ya saa yake, sauti inabadilika, inakuwa kali, na pikipiki inakurukia mbele kwa nguvu ambayo huijui ilikuwa imefichwa wapi. Upepo unataka kukung'oa kichwa. Unajilaza nyuma ya kioo, unabana tangi kwa magoti, na dunia yote inakuwa ni kile kipande cha barabara kilicho mbele yako. Mwendo aliokwenda Tabea hatuutaji, maana askari wa tochi nao wanasoma. Alichosema mwenyewe ni kwamba ndani ya helmeti alicheka peke yake mpaka kioo kikaingia ukungu.

Balwant ndiye aliyesema barabarani si mahali pake. Alikuwa na chama cha waendeshaji waliokodi kiwanja cha ndege cha zamani cha shamba moja la maua lililofungwa, mbele ya Kisongo. Walipanga matairi makuukuu kutengeneza kona, wakaleta gari la wagonjwa, wakakagua kila pikipiki. Tabea alikwenda Jumamosi moja amevaa ovaroli ya ngozi ya kuazima, iliyombana kiunoni na kumpwaya kifuani, na alijisikia bibi harusi.

Mzunguko wa kwanza ulikuwa aibu. Miaka thelathini ya matope ilikuwa imekaa mwilini mwake. Akikaribia kona anatoa mguu nje kujitegemeza, anakaa wima, macho kwenye tairi la mbele, na breki ya mbele haigusi kabisa, maana mlimani kwenye utelezi ukigusa breki ya mbele umekwisha lala mtaroni. Vijana wakampita huku na huku kama amesimama.

Balwant alimsimamisha pembeni.

"Mama Richard, unatafuta nini pale chini?"

"Naangalia njia."

"Unaangalia mavi ya ng'ombe. Hapa hakuna ng'ombe. Inua macho, angalia unakotokea, si unapopita. Na mguu wako rudisha ndani, huo ni wa kule mlimani Nkoaranga."

"Na breki?"

"Ya mbele. Ibane bila hofu. Pikipiki hii imetengenezwa ikuamini, sasa na wewe iamini."

Ni rahisi kusema. Aliporudi kwenye kile kipande kirefu kilichonyooka, mwendo ukiwa juu, matairi ya kona yakimjia mbio, vidole vyake viwili vilikataa kabisa. Alivilazimisha. Breki ikang'ata, pua ya pikipiki ikainama, uzito wote ukamjia mabegani, na tairi la mbele, badala ya kuteleza, likashika lami kana kwamba limepigiliwa misumari. Akainua macho akaitazama kona inakoishia. Pikipiki ikalala yenyewe upande wa kushoto, polepole, zaidi, zaidi tena, mpaka kipande cha plastiki kwenye goti lake kikakwaruza chini, krrr! Hakuamini. Alivuta resi, ikamwinua na kumrusha nje ya kona, na pale pale, kwa umri wake wote na ujane wake wote, Tabea Sumari alipiga kelele ya furaha iliyosikika juu ya injini.

Kijana mmoja alirekodi. Kabla jua halijazama, video ilikwisha kufika kwenye kundi la WhatsApp la akina mama wa usharika, goti chini, kelele na yote. Brenda akaiona. Asubuhi yake ndiyo ile Jumapili ya maombi.

Jioni ya siku hiyo Richard alipanda mlimani peke yake. Ni kijana mpole, kazi yake ni kupiga picha za eksirei hospitalini, na hakuwa na kawaida ya kumpandishia mama yake sauti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nyie si mmekwisha kunizika, salamu za nini tena?"

"Mama, Brenda alikosea namna. Lakini hakukosea jambo." Alikaa, akashika kichwa. "Mimi napiga picha mifupa ya watu wa pikipiki kila siku. Kila siku, mama. Mapaja yamevunjika mara tatu. Watu wa umri wako hawaungi. Siku moja watasukuma kitanda kingine, nitainua shuka niweke sahani ya eksirei, nikute ni wewe."

Hilo lilimchoma Tabea. Aliliona lile jambo machoni mwa mwanawe, halikuwa maneno tu. Hata hivyo hasira ilikuwa bado ina moto.

"Richard, nilipokuwa napanda huko juu na boksi la chanjo nyuma, bila nguo za ngozi, bila gari la wagonjwa, bila hata helmeti ya maana, naanguka mara ngapi kwa mwezi, nani aliniombea?"

"Ile ilikuwa kazi."

"Enhe! Umesema mwenyewe. Kwa ng'ombe wa watu niliruhusiwa kufa. Kwa raha yangu siruhusiwi hata kuchubuka. Kinachowauma si mwendo, mwanangu. Ni raha."

Richard alisimama. Macho yalikuwa mekundu. "Basi chagua. Ukiiuza, tupo. Usipoiuza, mimi na Brenda na Nancy hapa hatukanyagi tena. Siwezi kukaa naangalia."

Akashuka zake gizani bila kunywa chai.

Nancy ni mjukuu, na karibu Jumamosi zote yeye hushinda kwa bibi yake wakila loshoro ya mahindi na maziwa mgando. Jumamosi iliyofuata hakuja. Tabea alikuwa amepika kwa mazoea, sufuria ileile, akakaa nayo jikoni akala vijiko vichache akaviacha. Alilia. Tusimsingizie ushupavu asiokuwa nao, alilia hasa. Mchana akashuka dukani, akasimama akiitazama ile pikipiki, na ukweli ni kwamba alikuwa na namba ya mnunuzi kwenye simu na kidole kiko juu yake.

Halafu akajiwazia akiwa ameiuza. Amekaa migombani, salama, mifupa yote mizima, mjukuu anakuja kumwona kama anavyokwenda kutazama kaburi la babu yake. Na watu wanashuhudia kanisani kwamba maombi yamejibiwa. Ni hili la mwisho lililomkaza roho. Alirudisha simu mfukoni, akaenda moja kwa moja kwa mwinjilisti.

"Niandike kesho. Nina shukrani."

"Bwana asifiwe, mama! Unashukuru kwa jambo gani?"

"Nitalisema mwenyewe mbele."

Mwinjilisti akatabasamu hadi masikioni. Alidhani anajua.

Kila msharika anajua shukrani inavyokwenda. Unaitwa, unatoka mbele na sadaka yako, kwaya inakuimbia, na familia yako inatoka pamoja nawe. Mtu hatoi shukrani peke yake, labda awe hana watu. Tabea alilijua hilo vizuri alipoingia na R6 uani pa kanisa, akaizima mbele ya wazee wa kanisa waliokuwa wakisalimiana, akavua helmeti, akafunga kilemba akijitazama kwenye kioo cha pikipiki.

Alipoitwa, alitembea hadi mbele, akageukia watu. Richard alikuwa benchi la nne, Brenda kando yake, Nancy katikati. Kwaya ilikwisha kusimama tayari.

"Bwana asifiwe," alisema Tabea.

"Amina!"

"Jumapili iliyopita mliniombea. Nawashukuru, mtu akikuombea usimdharau. Leo nimekuja kumshukuru Mungu kwa mikono yangu miwili, na macho yangu, na magoti haya ambayo wengine wa rika langu yamewagomea. Namshukuru kwa ile pikipiki nyekundu iliyoko nje. Na namshukuru pia kwamba maombi yenu ya Jumapili iliyopita hajayajibu."

Kicheko kilimtoka mama mmoja wa kwaya, akakiziba kwa kitenge. Wazee wa kanisa walikunja nyuso. Mchungaji alisogeza miwani, kisha, kwa kuwa utaratibu ni utaratibu, akasema kwa sauti ndogo, "Familia... familia ya mama Sumari isogee tumwombee."

Hakusogea mtu. Tabea alibaki pale, bahasha ya sadaka mkononi. Alikuwa amejiambia watu wote waweza kumwacha na atasimama tu. Sasa aliona ni kazi ngumu kuliko alivyodhani. Lakini hakuinamisha kichwa, na hakurudi kukaa.

Benchi la nne likalia. Richard alikuwa amesimama. Alimshika Nancy mkono, Brenda akafuata nyuma macho yakiwa sakafuni, wakatembea wote watatu hadi mbele. Kwaya ikaanza kuimba kwa pupa ya watu walioponea chupuchupu. Richard alisimama bega kwa bega na mama yake, taya zimekaza, akasema bila kumtazama:

"Usidhani nimekubali, mama. Sijakubali. Naogopa vilevile."

"Ogopa," alisema Tabea, na akampitishia mkono kwapani akamshika barabara. "Ila utaogopa ukiwa hapa hapa."