Hotuba tano zisizo na jina lake

Saa mbili kasoro robo asubuhi, fundi mkuu wa mtandao wa chuo anavua viatu mlangoni, anaingiza miguu kwenye ndala za mpira na kuingia chumba cha mitambo. Humo ndani kuna baridi, ndiyo maana hatengani na sweta lake la kahawia lililotoboka kiwiko. Anapitisha kiganja nyuma ya kila kabati, kama mama anayempima mtoto homa. Akiridhika, anavuta stuli, anavaa visikilizi na kuanza kuita.

"Moja."

"Nipo," inajibu sauti ya mwanamke.

"Mbili."

"Nipo. Umeme ulitusumbua jana, lakini tumeamka salama."

Hivi ndivyo siku inavyoanza kwa mafundi wa vyuo na vituo vya utafiti, jumla kumi na moja, vilivyounganishwa na mtandao mmoja. Humo hupita picha za darubini, vipimo vya mvua na majibu ya maabara. Kuitana huchukua dakika nne tu. Fundi mkuu huyu mwenyewe ni namba nne, lakini wenzake humwita Mama Waya.

"Saba."

Kimya.

"Saba, unanisikia?"

Saba ni fundi wa kituo cha utafiti wa mbegu, mwendo wa saa sita kwa basi kutoka hapa. Ana miaka hamsini na tisa, na kila asubuhi hujibu kwa maneno yale yale: "Nipo, na chai ipo." Leo hajibu.

"Mama, taa yake ni ya kijani," anasema Kumi, fundi mdogo kuliko wote. "Laini yake ni nzima kabisa. Mzee kaifuata chai yake."

"Kijani ni ya mashine," anasema Mama Waya. "Mimi nimemwita mtu."

Ni mwanamke anayeona haya hata kumuuliza mwenye duka bei mara mbili. Lakini sasa ameshachukua simu, anampigia mtunza maktaba wa kule ambaye hawajawahi kuonana naye.

"Dada, samahani sana. Nenda chumba cha mitambo. Usiniambie mlango umefungwa, tafuta ufunguo. Nitakusubiri."

Katika visikilizi hakuna anayekata laini. Wote wanasubiri, kila mmoja na pumzi zake.

Baada ya dakika tisa mtunza maktaba anarudi kwenye simu akihema. Wamemkuta mzee sakafuni kati ya makabati mawili, jasho linamtoka, maneno hayaeleweki. Sukari imeshuka. Wamempa maji ya sukari na gari linampeleka zahanati.

Mama Waya anamaliza orodha. Nane, tisa, kumi, kumi na moja. Kisha anavua visikilizi.

Kuitana huku hakukuagizwa na ofisi yoyote. Miaka kumi na moja iliyopita mtandao ulikatika siku mbili nzima. Kila kituo kilisema hitilafu iko kwa jirani, na mafundi waliandikiana barua kali bila kujuana hata sura. Siku ya tatu Mama Waya alipiga simu moja moja.

"Nilikuwa naogopa," anakumbuka. "Nikamwambia kila mmoja: tusibishane ni ya nani, tushike laini pamoja tuitafute. Tuliipata kwa dakika arobaini."

Tangu siku hiyo hitilafu nyingi za mpakani, zile zisizo za huyu wala za yule, humalizwa kabla watafiti hawajafika kazini.

Mambo haya hayajawahi kusemwa mbele ya watu. Kila mwaka kuna mkutano mkubwa wa wataalamu wa mitandao ya utafiti, na anayetaka kuzungumza hutuma pendekezo la kikao. Mama Waya ameandika mapendekezo matano, na yote matano yalikubaliwa. Yote yalibeba jina la mkurugenzi wake, na mkurugenzi ndiye aliyesimama kuzungumza.

"Hakuniibia," anasema haraka. "Mimi ndiye niliyemwambia aweke jina lake. Nilikaa safu ya nyuma nikimsikiliza, namsahihisha kimoyomoyo."

Mwaka huu mwisho wa kutuma ni leo, saa sita mchana. Pendekezo alilokwisha kuandika linahusu kasi ya mtandao. Penye jina la mzungumzaji ameandika lake na kulifuta mara nne. Kwa wiki tatu amekusudia kumwambia mkurugenzi, na kila akimwona huishia kuitikia shikamoo yake tu.

Mumewe, seremala, anajua siri hiyo. "Anafanya mazoezi akiosha vyombo," anasema akicheka. "Sufuria zote za nyumba hii zimeshahudhuria mkutano. Zimebaki sahani ndogo."

Saa nne na nusu simu inaita. Sauti ni dhaifu, lakini ni yenyewe.

"Nipo," anasema Saba. "Chai ndiyo sikuiwahi."

"Mzee wangu, umetutoa roho."

"Daktari kaniuliza nani alijua nimeanguka. Nikamwambia ni mwanamke mmoja, hajawahi kuniona. Akadhani bado nimechanganyikiwa."

Mama Waya anacheka, huku anafuta macho kwa ukosi wa sweta. Akiweka simu chini, anafungua pendekezo la kasi ya mtandao na kulifuta lote. Anaandika upya bila kusimama, kurasa mbili. Anaeleza jinsi watu kumi na mmoja wanavyoitana kila asubuhi, na jinsi taa ya kijani ilivyokuwa ikiwaka leo huku mtu yuko sakafuni. Kikao anakiita "Nani yuko upande wa pili?"

Saa sita kasoro dakika kumi, mkurugenzi anachungulia mlangoni. Ni kijana aliyezidiwa naye umri kwa miaka kumi na miwili, mwenye heshima zake.

"Shikamoo, Mama. Nimesikia ya Saba, tumshukuru Mungu. Lile pendekezo limeshakwenda? Nitalisoma njiani nikienda mkutanoni, kama kawaida."

Mama Waya anatazama ndala zake. Kwenye skrini nafasi ya jina bado ni tupu.

"Bado," anasema. Anavuta kibodi, anaandika majina yake matatu herufi kwa herufi, na kulituma pendekezo. Ndipo anainua uso.

"Safari hii hutalisoma, mwanangu. Nataka nisimame mwenyewe. Wakilikubali, Saba atakaa safu ya mbele, na nikisita nitamwita."