Arlys, aliyebaki na ng'ombe wakati vijana wakienda misheni

Nje bado giza, lakini kwenye banda la akina Hoekstra taa zote zinawaka. Arlys Te Velde, mwenye umri wa miaka sitini na mitatu, amesimama ndani ya shimo la kukamulia, ng'ombe wakiwa wamepangwa juu yake kulia na kushoto, viwele vikiwa usawa wa macho yake. Anafuta chuchu kwa kitambaa, anakamua matone ya kwanza kwa mkono kuangalia kama maziwa ni mazima, anavisha vikombe vya mashine, kisha anahamia kwa anayefuata.

"Sogea, Dolores," anamwambia ng'ombe mmoja mweusi mwenye baka jeupe usoni. "Ukinivunja leo utakamuliwa na nani?"

Dolores hasogei. Ana sifa mbaya, na teke lake la mguu wa kushoto linajulikana mashamba yote ya mji wetu mdogo wa Nieuwland, Wisconsin.

Ni Jumamosi. Kesho, baada ya ibada, basi la vijana wa Kanisa la Reformed litaondoka kwenda uwanja wa ndege, na kutoka hapo Honduras, wakachimbe mtaro wa bomba la maji pamoja na waumini wa kijiji kimoja cha milimani. Arlys anatakiwa awe ndani ya basi hilo. Pasipoti anayo. Begi analo, alilifunga wiki nzima kabla. Asiye naye ni mtu wa kumshikia zamu ya kukamua.

Kila aliyekulia Wisconsin kwenye shamba la maziwa anajua tatizo lilipo. Kanisa linaweza kukaanga na kuuza pankeki na soseji majira yote ya baridi, likakusanya dola elfu moja na mia nane kwa kila kijana, likamwombea kila mmoja kwa jina. Ng'ombe hawana habari na misheni. Asubuhi wanataka kukamuliwa, na jioni wanataka tena. Kijana akiondoka, mikono yake miwili imeondoka shambani, na baba yake analijua hilo kabla hajasaini ruhusa.

Hapo ndipo Arlys anapoingia. Kazi yake ni kukamua kwa zamu: mwenye shamba akiumwa, akifiwa, au akienda kwenye arusi ya binti yake, anampigia Arlys. Analipwa dola ishirini kwa saa, na ndizo anazoishi kwazo tangu alipofiwa na mumewe, Harlan, na kuuza ng'ombe wao. Lakini mtoto akiwa anakwenda misheni, Arlys hapokei hata senti. Ni desturi aliyoianza akiwa bado na ng'ombe wake mwenyewe. Alikuwa akimaliza kwake anapanda gari na kwenda kuanza upya kwa jirani.

Hajui amewakamulia vijana wangapi. Ukimuuliza anakushangaa, kana kwamba umemuuliza amekula mikate mingapi.

"Mimi nilikuwa napata raha yangu," anasema. "Wakirudi wanakuja kunisimulia. Mmoja aliniletea mawe kutoka Haiti. Mawe! Nikamwambia, mwanangu, mawe hata hapa yamejaa, lakini nimeyaweka dirishani mpaka leo."

Yeye mwenyewe hajawahi kwenda. Nusura aende alipokuwa na miaka kumi na saba. Kanisa lilikuwa linapeleka vijana Meksiko, na kaka yake, Wendell, alikuwa amekubali kukamua badala yake. Siku moja kabla ya safari Wendell akaamka mashavu yamevimba. Matubwitubwi.

"Baba hakuwa mtu wa maneno," anakumbuka Arlys. "Alikwenda kwenye gari akatoa begi langu, akaliweka juu ya meza ya jikoni. Basi, nikajua. Nikavaa mabuti."

Asubuhi ile alisikia basi likipita barabarani, wenzake wakiimba. Anasema hakulia. Aliwakasirikia ng'ombe kwa wiki nzima, na ng'ombe wanajua ukiwakasirikia. Maziwa yakapungua.

Mwaka huu vijana ndio waliolianzisha. Walikaa kikao chao chini ya kanisa, wakaamua kwamba kati ya watu wazima wa kuwasindikiza, mmoja awe Arlys. Walipokwenda kumwambia alikataa. Wakarudi, akakataa tena, akasingizia magoti. Safari ya tatu walimkuta ameshapiga picha ya pasipoti.

"Ukweli ni kwamba niliogopa," anasema, akimpaka Dolores dawa kwenye chuchu. "Kitu ukikitaka muda mrefu kisipatikane, unajifunza kutokukitaka. Nilikuwa nimefika mbali sana katika kutokukitaka. Halafu watoto wanakuja na keki yao ya sinia wanakufungulia mlango upya. Inauma, hiyo."

Shamba linalohitaji mtu wa kukamua mwaka huu ni hili la akina Hoekstra. Darwin Hoekstra alipasuliwa mgongo majira ya kuchipua, kwa hiyo wanaokamua ni mkewe, Joleen, na binti yao Janae, mwenye miaka kumi na saba. Janae anakwenda Honduras. Wa kumshikia nafasi alikuwa Galen Wierda, mkulima wa jirani ambaye Arlys alimkamulia alipokuwa kijana. Juzi Galen alipigwa teke na mtamba wake mwenyewe, kifundo cha mkono kikavunjika.

Kwa hiyo Arlys amerudi shimoni, na tangu alipoingia hajalitaja basi hata mara moja.

Janae yuko upande wa pili, anaosha sakafu. Sasa anazima bomba la maji.

"Shangazi, mimi nitabaki," anasema. "Nilikwenda mwaka jana. Nenda wewe."

"Hapana."

"Hapana kwa nini?"

"Kwa sababu una miaka kumi na saba na hawa ni ng'ombe. Naijua hiyo hadithi."

Darwin, aliyesimama mlangoni kwa fimbo yake, anakohoa. "Mimi naweza kukamua upande mmoja."

"We Darwin, huwezi hata kufunga kamba za viatu," Arlys anamjibu bila kugeuka.

"Ndiyo maana nimenunua visivyo na kamba."

Joleen anacheka peke yake. Janae hacheki.

"Si umwombe mtu?"

"Nimwombe nani? Jua limewaka, majani yote ya malisho yamekatwa, yamelala chini yanakauka. Wiki hii kila mtu anafunga marobota ya majani mpaka usiku. Siwezi kumtoa mtu shambani kwa ajili ya matembezi yangu."

Hapa lazima niseme kitu kuhusu watu wa Nieuwland, na naruhusiwa kwa sababu ni wangu. Hatuombi. Tunatoa, hata kwa fujo. Ukiwaka moto banda lako, kesho utakuta mbao uani na hutajua nani kazileta. Lakini kuomba kunatushinda. Ibadani mchungaji akiuliza nani ana ombi, mtu aliyevunjika mguu atasimama kwa magongo na kutaka tumwombee binamu yake mwenye mafua.

Arlys ndiye bingwa wetu. Harlan alipofariki, alikamua jioni ya mazishi kwa kuwa hakutaka kumsumbua mtu. Watu walikuja wakamkuta amemaliza.

"Shangazi," anasema Janae, "mtu mwingine angekuwa amekwama hivi, ungefanya nini?"

"Ningekuja."

"Wakati wa majani?"

"Ningekuja tu."

"Ungejuaje kwamba amekwama?"

Arlys anavua vikombe, anavitundika.

"Basi na mimi nakwambia," Janae anasema. "Usipopanda lile basi, sipandi. Tutabaki wote wawili hapa tunatazamana na Dolores."

Mama yake anamtazama, baba yake anamtazama, na hakuna anayemkataza.

Jumapili kanisa limejaa. Vijana wamevaa fulana za rangi ya chungwa, wamekaa mbele. Arlys amekaa benchi lake la siku zote na sweta aliyoifunga vifungo vyote, na ukitazama vizuri shingoni unaona rangi ya chungwa imechungulia. Begi lake liko nyumbani. Janae naye begi lake hakuja nalo. Joleen aliniambia hivyo mlangoni, macho yamemwiva.

Mchungaji Brandsma anauliza kama kuna maombi. Mama mmoja anaomba kwa ajili ya nyonga ya dada yake. Mzee mmoja anaomba mvua isubiri majani yaingie. Mchungaji anaandika, anafunga kalamu, anainamisha kichwa.

Arlys anasimama.

Sijawahi kumwona akisimama wakati ule, na nadhani hakuna aliyewahi kumwona. Anashika benchi la mbele yake kwa mikono yote miwili.

"Naomba mtu wa kukamua," anasema. "Kwa Darwin na Joleen, asubuhi na jioni, mpaka tutakaporudi." "Najua ni wakati wa majani. Si kwa ajili ya Darwin, ni kwa ajili yangu. Nataka kwenda."

Neno hilo la mwisho lilitoka dogo sana. Wale waliokuwa wanapitisha peremende kwenye benchi wakaacha mikono hewani. Nilimwonea huruma mpaka nikashindwa kumtazama. Mchungaji, ambaye seminari haikumfundisha jambo hili, akasema, "Basi, na tumwombee dada yetu."

"Usianze kuomba kwanza, Mchungaji," sauti ikatoka nyuma. Ilikuwa ya Galen Wierda, mkono umefungwa plasta hadi kwenye kiwiko. "Hili tunaliweza sisi wenyewe. Nina mkono mmoja mzima. Nani ana mwingine?"

Watu wakacheka, na kicheko ndicho kilichofungua mlango. Mwanamume mmoja mwenye majani mengi yaliyolala shambani kuliko mtu yeyote akasimama na kusema Jumatatu ni yake, asubuhi na jioni. Mwanamke aliyewahi kwenda Haiti, yule wa mawe, akachukua Jumanne. Wawili wakagombea Alhamisi kwa sauti, ndani ya nyumba ya Bwana, mpaka mmoja akamkumbusha mwenzake ni nani kati yao Arlys alianza kumkamulia. Mwandishi wa makala hii, ambaye naye ni mmoja wa vijana hao wa zamani, alipata Jumamosi jioni, zamu ambayo hakuna aliyeitaka.

Arlys alikuwa bado amesimama. Machozi yalikuwa yanashuka na hakuyafuta.

"Dolores anapiga kushoto," akasema. "Na asiyepaka chuchu dawa nitajua nikirudi."

"Kaa chini, Arlys," akasema Galen. "Wewe uko likizo."

Alipoitwa mbele na vijana, alifungua sweta. Kanisa zima likanyoosha mikono kuwabariki, na Mchungaji aliomba kwa ufupi, kwa sababu Joleen alikuwa ameshatoka mbio kufuata mabegi.

Kwenye basi Arlys amekaa dirishani, Janae pembeni yake. Mlango bado uko wazi, na mwandishi amesimama kwenye ngazi akimuuliza anatarajia nini huko. Vijana wa nyuma wanamfundisha salamu za Kihispania, wote kwa mpigo.

"Salamu baadaye," anawaambia, kisha anamgeukia Janae. "Hebu nifundishe jinsi ya kusema 'nisaidie'."

"Shangazi, lakini sisi ndio tunakwenda kusaidia."

"Najua tunakokwenda. Sijawahi kuchimba mtaro mlimani, na nitalala kwa watu ambao hata sijui maji yao wanachota wapi. Sitaki kurudi Nieuwland bila neno hilo. Nifundishe."

Janae anamnong'oneza. Arlys analirudia polepole, analirudia tena, safari hii kwa sauti, mpaka kijana mmoja wa siti ya nyuma anainuka.

"Shangazi Arlys, unataka nikusaidie nini?"

"Kaa, mwanangu," anasema Arlys. "Bado sijapata cha kuomba. Najizoeza tu."