Kipimo cha Watu Wakimya

Kabla ya kuona chochote nilisikia maharagi. Punje moja iliangukia beseni ya bati, halafu kimya, halafu nyingine. Ilikuwa alfajiri, umeme haukuwepo, na nyuma ya pazia mama alikuwa akichagua maharagi gizani kwa vidole, mazima ndani ya beseni, mabovu na mawe juu ya kitambaa. Aliiachia kila punje polepole. Nililala nikisikiliza bila kufikiri kitu. Wakati ule niliamini kwamba nyumba yetu ilikuwa na amani.

Nilikuwa nimepanga vyumba viwili nyuma ya nyumba kubwa, hapa Bunia, mashariki ya Kongo, na bado ninaishi humo. Ninatafsiri vipindi vya redio kutoka Kifaransa, na muda unaobaki ninaandika riwaya. Mama alikuja kukaa nami baada ya watu wa upande wetu, kule Fataki, kukimbia vita. Kabla ya kunifikia alikuwa amelala miezi ndani ya darasa la shule pamoja na familia nyingine. Baba alikuwa amekufa zamani, kwa ugonjwa. Mama alifika na mfuko mmoja, akaketi kwenye kiti karibu na mlango, akaomba maji. Tangu siku ile hakusema mengi, na mimi sikuuliza mengi. Siwezi hata kusema kwamba nilihuzunika. Nilitandika kitanda cha pili, nikaning'iniza pazia, nikarudi mezani.

Tayari nilikuwa na neno la kuelezea kimya changu, na lazima niseme lilikotoka. Tangu utoto nimeitwa mwenye majivuno. Kwenye matanga nilikaa nyuma kabisa. Kwenye harusi walinikuta jikoni nikiosha sahani ambazo zilikuwa safi. Kanisani walinishika kichwa na kuomba, eti roho ya bubu initoke. Hata kundi letu la waandishi, ambamo kila Jumamosi tunasomeana kazi zetu na kubishana mpaka viti vinalia, lilidhani ninaidharau kazi ya wengine. Ndipo mwenzetu mmoja anayesoma saikolojia alipotutumia kwenye simu kipimo cha tabia, kwa Kifaransa, maswali mengi ya ndiyo na hapana. Nilikijibu nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nyuma ya nyumba, jua likinipiga mgongoni. Jibu lilisema mimi ni introverti, mtu ambaye nguvu zake zinaisha akiwa kati ya watu na kurudi akiwa peke yake.

Hakukuwa na kitu nisichokijua. Lakini sasa nilikuwa na kitu cha kuwaonyesha wengine. Jumamosi iliyofuata niliwaomba wenzangu wasiniulize maoni papo hapo, wanipe wiki, nitaleta maoni yangu yameandikwa. Walikubali. Mabishano yalipopamba moto mmoja wao alikuwa akisema, "Muache introverti apumue kwanza," na wote wanacheka, na mimi pia. Nilimweleza na mama mmoja wa kanisani, naye akamweleza mchungaji, na kuanzia hapo hakuna aliyenishika kichwa tena. Kwa hiyo sitasema kwamba vipimo hivi ni upuuzi. Mtu aliyeambiwa miaka yote kwamba ana pepo hawezi kulidharau neno lililomwondolea pepo huyo.

Shida ni kwamba nilianza kumtazama mama kwa neno hilohilo. Alikaa peke yake, alijibu kwa kichwa, hakwenda kwa majirani. Nikafurahi, kama furaha ndiyo jina lake. Nilijiambia kwamba kumbe nimetoka kwake, na kwamba sisi wawili tunaishi vizuri, kila mmoja upande wake wa pazia, bila mtu kumchokesha mwenzake.

Halafu mama mdogo akapiga simu kutoka Mahagi. Ni mdogo wake wa mwisho. Anauza chai na chapati kwa madereva wa malori yanayovuka kwenda Uganda, na kiwanja chake hakilali. Alitaka yaya wake, yaani dada yake mkubwa, ahamie kwake moja kwa moja. Nilimjibu kwamba haiwezekani, kwamba zile kelele zitammaliza, kwamba mama ni mtu wa aina yangu.

"Aina ya nini?" mama mdogo akauliza. "Kama ya mahindi?"

Nikamweleza kuhusu kipimo, nguvu zinazoisha, nguvu zinazorudi. Akaanza kucheka.

"Yaya? Yaya yangu mimi ndiye mutu wa kimya? Ule alikuwa anasalimia mupaka mbuzi ya watu."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, bila kucheka sasa, kwamba wiki ijayo kutakuwa na gari la mtu anayemfahamu, na kwamba yaya mwenyewe ndiye wa kuamua. Simu ikakatika. Nilibaki nimeishika. Sikutaka mama aondoke, hilo nalijua. Nilivyohisi kutotaka huko sijui. Kulikuwa mbali, kama redio ya jirani.

Nilifanya kile ninachokijua. Mchana mmoja mvua ilipokuwa ikipiga bati, nilivuta kiti karibu na mama, nikafungua kipimo kwenye simu. Nilimweleza mwaliko wa mama mdogo, nikasema nataka tu kumwonyesha kwamba sisemi uongo. Mama aliifuta mikono kwenye kitenge, akakaa wima kama mtu anayepigwa picha. Nilitafsiri swali la kwanza: je, unapenda kubaki nyumbani kuliko kwenda kwenye karamu?

"Karamu ya nani?" akauliza.

Nikamwambia karamu yoyote. Akatikisa kichwa. Alisema hakuna karamu yoyote, kila karamu ina mwenyewe, na ukijua mwenyewe ni nani ndipo unajua kama unaenda. Niliandika ndiyo, anabaki nyumbani. Swali la pili lilihusu watu wengi: je, ukikaa kati ya watu wengi unachoka? Akaniuliza ni watu wengi wa sokoni au ni wale wa kulala nao mle darasani, kwa sababu wale wa darasani walimchosha na wale wa sokoni hapana. Kipimo hakikuwa na nafasi ya darasa. Nikaandika ndiyo.

Swali lililofuata lilikuwa jepesi kwa mtu aliyelitunga. Je, unaona ni rahisi kuanza mazungumzo na mtu usiyemjua? Mama aliangalia mlango, ambao ulikuwa umefungwa kwa sababu ya mvua.

"Mutu usiyemujua unamuuliza kwanza anatoka wapi," alisema. "Zamani tulikuwa tunauliza kwa kucheka tu. Sasa watu wanauliza juu wanataka kujua weye ni wa nani."

Maji yalikuwa yakishuka kutoka kwenye bati na kuchimba shimo dogo mbele ya dirisha.

"Simu yako inauliza mimi wa zamani, ao mimi wa sasa?"

Nikamwambia haisemi.

"Basi andika ya sasa."

Tuliendelea mpaka mwisho hivyo. Jibu likatoka: introverti, na karibu kila kitu kingine sawasawa na changu. Nilimgeuzia simu ingawa hasomi Kifaransa. Akataka nimsomee. Nikasoma kwamba mtu huyu anapenda utulivu, anafikiri kabla ya kusema, anapata nguvu akiwa peke yake. Mama alinikatiza hapo.

"Weye unapata nguvu?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi sipate."

Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayerudisha nguo isiyomtosha.

"Mimi ninanyamaza juu siko na mutu wa kusemesha," akaendelea. "Weye uko unaandika. Nilisema, mutoto iko kazini, nisimusumbue. Siku zingine nilifikiri umenikasirikia."

Nilimwambia sikukasirika. Akasema anajua sasa. Halafu akaomba nianze kipimo upya, mara hii nimwandike yule wa zamani. Alijibu haraka, mara nyingine kabla sijamaliza kutafsiri. Kwenye swali la mtu usiyemjua alicheka, akanieleza jinsi alivyokuwa anauza viazi na maharagi katika soko la Fataki, ukungu wa asubuhi umelala juu ya meza, na yeye anawasalimia wanunuzi kabla hajawaona, kwa sauti ya miguu yao tu. Kulikuwa na mzee mmoja aliyejifanya kupita mbali ili asisalimiwe, kwa sababu ukijibu unajikuta umenunua. Sikuwahi kuisikia hadithi ile. Nilikuwa nimeishi naye muda wote huo, mimi mwenye kazi ya hadithi.

Jibu la pili lilikuwa kinyume kabisa cha la kwanza: mtu wa nje, mtu wa watu, nguvu zake ziko kwa wengine. Mama aliliangalia kwa muda mrefu lile neno ambalo hakuweza kulisoma.

"Huyu ndiye mama mudogo wako anangojea Mahagi," alisema. "Sijue kama atafika. Lakini hapa hawezi kurudi. Hapa hakuna mutu wa kumuita."

Nikajua ameamua. Nilifunga simu. Mvua ilipungua, watoto wa nyumba kubwa wakatoka kuruka matope, na mimi nikaenda kupasha chakula. Nilifikiri juu ya yule aliyeyatunga maswali, mahali fulani ambapo kubaki nyumbani ni kupenda tu, na mlango unafungwa kwa ajili ya kusoma kitabu. Kipimo kilinijua mimi. Kwa mama kilipima mambo yaliyompata, kikayaita tabia yake.

Siku zilizobaki nilijaribu. Ninataka hilo lijulikane. Niliondoka mezani mapema, nikakaa karibu naye pale jikoni. Nilisema majani ya sombe siku hizi ni magumu. Akakubali. Nilimuuliza habari za majirani wetu wa zamani, akaanza kuzieleza vizuri, sauti ikipanda, halafu akauona mkono wangu juu ya goti. Kidole kilikuwa kinaandika kwenye kitambaa cha sketi. Mimi mwenyewe sikuwa nimekiona.

"Enda andika," akasema, na alitabasamu kweli.

Nilikwenda. Niliandika kurasa nzuri.

Asubuhi ya safari kijana wa pikipiki aliyekuja kumpeleka penye gari alipiga honi nje. Mama alikuwa amevaa kitenge kipya na kilemba chake, na mfuko ulikuwa uleule mmoja. Nilisema nitamsindikiza. Nilikuwa nimevaa kiatu cha kulia, nikipapasa chini ya meza kutafuta cha kushoto.

"Baki," akasema. "Ku parking kuko watu wengi na makelele. Itakuchokesha. Si ndiyo aina yako?"

Hakuwa akinitania. Alisema kama mzazi anayewakumbusha watu kwamba mtoto huyu asipewe karanga, zinamdhuru. Nilitaka kumjibu kwamba kuna makelele ninayoweza kuyavumilia, kwamba kipimo hakikuniuliza juu ya leo. Maneno yalikuwepo, yamepangwa vizuri kama kwenye ukurasa, na kifuani hapakuwa na kitu cha kuyasukuma. Nilisimama na kiatu kimoja. Mama aliweka kiganja chake juu ya kichwa changu, akasema nile vizuri, akauchukua mfuko wake mwenyewe. Kisha akatoka, na kwa kuwa alijua napenda kufanya kazi mlango ukiwa umefungwa, akauvuta nyuma yake polepole mpaka ukashika.