Pedali Iliyorudi Sifuri

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni aibu kulisema. Nikikaribishwa uji kwa jirani, nasubiri mwenyewe aonje kwanza. Mke wangu husema nilizaliwa nikimkagua mkunga. Kwa hiyo mwenye vyombo alipoleta pedali mpya na mpiga gitaa mgeni siku moja, ndani ya pikapu moja, wenzangu waliona neema. Mimi niliona njama.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, Songea ikajaa redio za kaseti, sabuni za kunukia na marobota ya mitumba. Mwenye vyombo aliuza hivyo vyote, na bendi yetu nayo ilikuwa mali yake: magitaa yake, amplifaya yake, ngoma zake. Sisi tulileta vidole tu. Mimi nilipiga solo. Cheo hicho nilikuwa nacho tangu tuanze mazoezi kwenye ukumbi mmoja pale Msamala, na sikuwa na kingine. Shambani nilikuwa mvivu, na ofisini hakuna aliyenitaka.

Pedali yenyewe kilikuwa kisanduku cha chuma cha kukanyaga kwa mguu, rangi ya bluu imebanduka, maandishi yamefutika. Juu kilikuwa na vidude vitatu vya kuzungusha, kama vile vya kuongezea sauti ya redio. Mwenye vyombo alieleza kwamba ndani mna chujio. Sauti ya gitaa inaingia nzima, inachujwa kama chai, inatoka ile inayotakiwa tu. Ukiugusa uzi kwa upole, sauti inabaki imefumba mdomo. Ukiupiga kwa nguvu, mdomo unafunguka.

"Jumapili ya mauzo ya tumbaku tunapiga Namtumbo," alisema. "Nataka gitaa liseme. Atakayelisemesha ndiye atakayeshika solo."

Akanitazama mimi, kisha akamtazama mgeni.

Mgeni alikuwa Myao wa Tunduru, mpole, mdogo kwangu kwa miaka kadhaa, ameletwa kupiga ridhimu, yaani gitaa linalobeba wimbo wakati solo inatamba. Siku ya kwanza nilichomeka waya, nikatia betri, nikakanyaga. Kimya. Nikarudia. Kimya.

"Samahani, kaka," akasema. "Labda waya umeingilia mlango wa kutokea."

Nikaugeuza, na gitaa likalia. Badala ya kushukuru nilijiuliza amejuaje. Tangu hapo sikumwitikia kitu ila shikamoo yake.

Nikawa nakwenda ukumbini mchana, peke yangu. Kidude cha kwanza kiliamua ni nguvu kiasi gani za vidole zitakazofungua mdomo, cha pili kiliamua sauti ianzie chini au juu, cha tatu kiliamua ibanwe kiasi gani. Nikikizungusha hicho cha tatu hadi mwisho, gitaa lilipiga yowe kama mtoto wa mbwa aliyebanwa na mlango. Nilihangaika nacho hadi nikapapata mahali pake. Gitaa liliguna, kisha likafunguka taratibu, kama mama mkwe aliyeletewa chakula kimepoa. Nilicheka kwa sauti humo ukumbini. Kwa sauti ile Namtumbo ilikuwa yangu.

Kesho yake nilikuta vidude vyote vitatu vimerudishwa sifuri.

Nikavipanga upya, tukafanya mazoezi, nikaenda nyumbani. Nikarudi, sifuri. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia. Siku iliyofuata nilijifanya naondoka, nikazunguka nyuma ya ukumbi, nikachungulia dirishani. Nilimwona mgeni amechuchumaa mbele ya pedali, anazungusha kimoja kimoja kuelekea kushoto. Halafu akaifuta vumbi kwa pindo la shati. Hilo la kufuta vumbi ndilo lililonichoma zaidi. Mwizi gani anafagia?

Nilipokuwa bado nimesimama pale, mwenye vyombo aliingia na mpwa wake, mwanamume mzima aliyemsimamia duka la kanda. Huyo kushika gitaa nilimfundisha mimi. Walizunguka vyombo, wakainama hapa na pale, wakaondoka. Hao sikuwatazama mara mbili.

Kumkabili mgeni sikutaka. Angeapa kwa Mungu wake nami ningebaki sina ushahidi. Nilinunua gundi, ile ya kuchanganya vitu viwili, inayogandisha hata bomba la chuma. Nikavipanga vidude mahali pake, nikamimina gundi kwenye shina la kila kimoja.

"Na mwenye mali akitaka kuvizungusha?" mke wangu aliuliza.

"Mwenye mali hajui kuzungusha."

Baada ya mazoezi yaliyofuata nilikaa makusudi nione. Mgeni alichuchumaa, akajaribu kidude cha kwanza, hakikuzunguka. Akajaribu cha pili. Akainua uso akanitazama, kisha akaifuta pedali vumbi kama kawaida yake. Nilikwenda nyumbani nikipiga mluzi.

Jumapili tulifika Namtumbo mapema, dansi lianze mara baada ya chakula cha mchana. Wakulima walikuwa wameshajaa na mashati yao mapya. Nilikuwa natoa gitaa la solo ndani ya mfuko, mwenye vyombo akaja na mpwa wake aliyevaa suti.

"Leo mpwa wangu atashika solo," alisema. "Wewe mzoefu, utambeba kwenye ridhimu. Mgeni tumemaliza naye."

Mpwa akalichukua gitaa mikononi mwangu, akachomeka waya, akakanyaga pedali, akapiga uzi mmoja. Gitaa likaguna, likafunguka taratibu. Ilikuwa sauti yangu yenyewe, haikupungua hata kidogo. Uwanja mzima ukapiga kelele. Mimi nilihisi kama nimevuliwa nguo mbele ya watu.

Mgeni alikuja, akajivua mkanda wa gitaa la ridhimu, akanivisha begani.

"Kwetu Tunduru," alisema, "mpiga solo akishuka, wa ridhimu anarudisha vidude sifuri, sauti ya mwenzie isiibwe. Hawa walikuwa wanakuja kila jioni kutafuta ulipoviweka. Wanakuta sifuri, wanaondoka."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningeanzia wapi, kaka? Ulikuwa huniitikii ila shikamoo. Na mgeni atamsemaje mwenyeji wake?"

Ng'ambo ya barabara lori la kwenda Tunduru lilikuwa linapakia. Alivuka, akapanda juu ya magunia, akanipungia mkono. Nilitaka kumfuata. Mwenye vyombo akanipigia kelele kwamba wimbo unaanza, nami nikaanza kumpigia mpwa wake ridhimu.